Darasa la kisomo mwaloni: namna ya kulianzisha na kuifanya halmashauri ilihudumie

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeishi Igombe, Kayenze, Luchelele, Nansio, Kome au mwalo mwingine wowote (mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga) wa upande huu wa Ziwa Victoria, anayeona watu wazima wenzake wakiweka dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma, na anataka wapate darasa la kisomo, yaani la kusoma, kuandika na kuhesabu. Huenda ni mwalimu mstaafu, mjumbe wa serikali ya mtaa, katibu wa BMU (kikundi cha wanamwalo kinachosimamia uvuvi), au kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye jioni zake hazina kazi. Si lazima awe na taasisi wala mfadhili. Ajue tu nani anafungua mlango upi, na anapobisha awe ameshika nini mkononi.

Desturi iliyozoeleka ni hii: watu wanakaa kikao, wanaandika barua kuomba serikali ilete darasa, kisha wanasubiri. Wanasubiri sana. Fungu la elimu ya watu wazima katika halmashauri nyingi ni dogo, na afisa anayelisimamia ana kata nyingi za kugawia. Kata ambayo tayari ina watu wanaokaa darasani, daftari la mahudhurio na mwezeshaji anayejulikana ndiyo hupewa kwanza, maana afisa akiulizwa vitabu vimekwenda wapi ana pa kuonyesha. Kwa hiyo humu darasa linatangulia, barua inafuata.

Kwanza, jua kwamba Mwanza imewahi kufanya kazi hii

Historia hii itakusaidia kwenye mkutano wa mtaa, hasa mzee mmoja akisimama kusema mtu mzima hafundishiki. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo, wa serikali kwa kushirikiana na UNESCO, uliwekwa hapa Kanda ya Ziwa, makao yake Mwanza, ukaendelea hadi 1972. Vitabu vyake vya kufundishia havikuwa vya watoto. Vilijengwa juu ya pamba, uvuvi, migomba na mifugo, yaani kazi ambayo mwanafunzi aliiacha asubuhi na ataikuta kesho. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa kati ya wilaya chache zilizopewa jukumu la kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya 1971 kwisha. Mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wamebaki chini ya asilimia 10.

Kisha miaka ya shida ikaja, vitabu vikaisha, waalimu wa kujitolea wakachoka. Sensa ya 2022 iliwakuta wanaojua kusoma na kuandika nchini ni asilimia 83. Hao wengine hawako mbali: ndio tunaopanda nao mtumbwi mmoja.

Nani ni nani

Sera iko Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mitaala, mafunzo ya wawezeshaji na vitabu ni kazi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kwetu ina kampasi Luchelele. Utekelezaji uko TAMISEMI, na hapo ndipo pako, kwa sababu halmashauri yako iko chini ya TAMISEMI. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Kila moja ina Afisa Elimu ya Watu Wazima na Elimu Nje ya Mfumo Rasmi. Chini yake yuko Afisa Elimu Kata, na chini ya huyo yuko mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani yako.

Anza na huyo wa mwisho. Usianzie mjini. Ukifika ofisi ya halmashauri kabla Afisa Elimu Kata hajakufahamu, utaambiwa kwa upole urudi kwake, na nauli imekwisha. Wa visiwani ndio wanaoumia zaidi, maana kivuko hakirudi siku hiyo hiyo kila mara.

Hatua ya 1: hesabu watu, lakini usiwaaibishe

Chukua kauntabuku, chora safu: jina, jinsia, umri, kazi, aliishia darasa la ngapi, na hali yake ya sasa. Kwenye hali weka alama tatu tu: hajui kabisa, anazijua herufi lakini neno halimjii, anasoma kwa kusuasua ila haandiki. Hili kundi la tatu watu hulisahau, na ni kubwa kuliko unavyodhani. Wengi walifika darasa la nne au la tano zamani, wakaacha, na herufi zikachakaa. Ni wepisi kufundisha, na ndani ya miezi michache watakusaidia kuwafundisha wengine.

Usipite ukiuliza "Nani hapa hajui kusoma?" Hakuna atakayenyanyua mkono, hasa akiwepo shemeji yake. Waulize: "Mama, kukiwa na darasa la jioni la kujifunza kutuma pesa kwa simu bila kumpa mtu namba ya siri, ungekuja?" Jibu utalipata papo hapo. Namba ya siri kwa wengi iko kwa mtoto au kwa wakala, na wanajua kabisa hatari yake. Halafu lisiitwe darasa la ngumbaru, hata kwa utani. Liite kisomo, na wanaokuja ni wanakisomo.

Ukikutana na watoto, waandike ukurasa wao. Mwaloni wapo: wanaanika dagaa, wanachota maji kwenye mitumbwi, umri wao ni wa darasa la tatu. Hao hawaingii darasa lako. Wa umri wa kuanza shule waende shule ya kawaida, ada ilishafutwa. Waliopitiliza wana mpango wao, MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, wenye makundi mawili kati ya miaka 9 na 18. Orodha yao mpe mwalimu mkuu mkononi. Utaona naye anaanza kukuangalia tofauti, kwa sababu umemsaidia kazi ambayo naye anaulizwa.

Ishirini wakipatikana, inatosha kuanza. Hata kumi na wawili si haba.

Hatua ya 2: chumba

Shule ya msingi ndiyo mahali pazuri kuliko pote: ni ya umma, ina ubao, na tangu enzi za Nyerere shule za msingi ndizo vituo vya elimu ya watu wazima. Mwombe mwalimu mkuu kwa mdomo kwanza, shikamoo ikiwa mahali pake hata kama ni mdogo kwako kiumri na itabidi itoke kwake. Mweleze nani atashika ufunguo, nani atafagia, nani atalipa kikivunjika kitu. Kisha kamati ya shule ipewe taarifa na muhtasari uandikwe.

Omba darasa la sita au la saba. Madawati ya darasa la kwanza yatamkunja mama wa miaka hamsini mpaka magoti yamguse kidevu, na wiki ijayo hatarudi, wala hatakwambia kwa nini.

Banda la BMU nalo linafaa, hasa kwa wavuvi wasiotaka kuonekana wakielekea shuleni. Ukumbi wa kanisa au madrasa ni msaada mzuri ila una kasoro: wa upande wa pili hawatakuja, na hawatasema. Vivyo hivyo mwenye fulana ya chama aivae nyumbani.

Hatua ya 3: ratiba ifuate mwezi, siyo kalenda ya ofisi

Hapa ndipo madarasa mengi ya mwaloni hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ratiba ya "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi" imeandikwa na mtu asiyejua dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, na mitumbwi hupumzika siku kama kumi hivi kuzunguka mwezi mpevu. Siku za giza, mvuvi analala mchana; mwanamke anayeanika yuko mchangani au kwenye vichanja tangu jua linachomoza, anamwaga, anageuza, anatazama wingu, na hawezi kuondoka mpaka dagaa waingie ndani. Ukimwita saa kumi unamwambia achague kati ya herufi na mtaji wake.

Panga hivi. Siku za mbalamwezi, darasa likae kila siku au siku tano mfululizo, saa mbili kila kipindi, wanawake na wanaume pamoja. Siku za giza, darasa lipungue lisife: kipindi kimoja au viwili kwa wiki, jioni baada ya dagaa kukusanywa, kwa muda wa saa moja tu, kwa kurudia yale yale bila somo jipya. Mwishoni mwa mwezi saa zinakuwa karibu sawa na za ratiba ya ofisi, tofauti ni kwamba watu wapo.

Wavuvi wa sangara wana mwendo mwingine. Wanatega jioni, wanaopoa alfajiri, wanalala, halafu kuanzia saa nane mchana wanashona nyavu. Wafuate hapo hapo wanaposhonea, na ubao mdogo. Kwa wakulima wa pamba wa Magu, Misungwi na Kwimba usihangaike kuanza Novemba mvua zikianza. Anza baada ya kuvuna.

Afisa akija kukagua atataka ratiba iliyoandikwa. Mwandikie kwa tarehe, mwezi kwa mwezi, na chini uweke sababu kwa sentensi moja. Atakuelewa. Wengi wao wamezaliwa huku huku.

Hatua ya 4: mwezeshaji

Mwalimu wa shule ya msingi anaijua kazi, ila anakuja amechoka na wakati mwingine anawasemesha watu wazima kama watoto wake wa mchana. Kijana wa kidato cha nne ana nguvu lakini akipata kibarua mjini anaondoka. Mimi ningechagua wawili wa kupokezana: mmoja mwanamke, na angalau mmoja anayesikia Kisukuma au Kikerewe vizuri, maana yuko mama ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, na maelezo ya darasani yatampita.

Mkishapata jina, Afisa Elimu Kata aandikiwe ajue wawezeshaji ni nani. Mafunzo ya TEWW yakitangazwa, majina yanatoka kwenye orodha iliyopo ofisini kwake, asiyekuwamo hakumbukwi.

Kuhusu posho nitasema wazi: usimwahidi mtu. Halmashauri nyingine huwapa wawezeshaji kitu kidogo, nyingine hukaa muda mrefu bila kutoa. Mwezeshaji aliyeahidiwa na asipewe ataondoka na darasa lote. Afadhali wanakisomo wenyewe wakubaliane, wamletee samaki wa mboga au wamlimie siku moja, na posho ikija iwe ziada.

Hatua ya 5: majuma ya mwanzo

Siku ya kwanza fundisha jina la mtu. Yeye mwenyewe, jina lake, kwa chaki, sakafuni. Sakafu ya saruji ni bora kuliko daftari kwa mkono uliozoea kamba na kasia. Vidole vimekakamaa, na penseli itapasua karatasi. Herufi iwe kubwa kama kiganja, afute kwa mkono, arudie. Anayeitwa Kabula ana bahati, ka-bu-la, atalimaliza jioni ile. Anayeitwa Ng'washi ana kazi ya wiki, na umwambie hivyo mapema asije akajiona mzito.

Baada ya majina, chukua neno la kazi. Tuanze na *dagaa*. Liandike lote, walisome wote, kisha likate: da-ga-a. Chini ya *da* andika da, de, di, do, du. Chini ya *ga* andika ga, ge, gi, go, gu. Chini ya *a* andika a, e, i, o, u. Nyamaza. Waache watafute maneno. Watapata dada, dudu, dodo, gogo, oga. Kipindi kinachofuata leta *samaki*, na silabi zake tatu zitazaa soma, sema, simu, kisu, mama. Kwa maneno mawili tu mtu anaandika "Mama soma" na anajua ameandika nini.

Mpangilio wa maneno una maana. Nenda na sato, ziwa, furu, mizani, ambayo silabi zake ni nyepesi. Baadaye ndiyo uingie kamba, sangara, nyavu, mwalo. *Mtumbwi* ndilo neno ambalo kila mwezeshaji mgeni hukimbilia kwa sababu liko mbele ya macho, na ni mojawapo ya magumu kabisa kuandika. Mb na w zinakutana hapo kati. Liweke mwisho.

Mwanakisomo Msukuma ataandika "kalabai" kwa karabai na "habali" kwa habari. Usimkatize. Anaandika anachokisikia, na hiyo ndiyo kazi uliyompa. Mpaka aweze kuandika sentensi nzima bila kuhema, l na r ziache zikae kama jirani. Ukianza kusahihisha mapema utapata darasa la watu wanaoogopa kushika chaki.

Hesabu wanazo. Mama anayeuza dagaa kwa sado anapiga hesabu ya kichwa haraka kuliko wewe. Hajui tu kuziandika. Kwa hiyo usimfundishe moja jumlisha moja. Mpe karatasi yenye safu tatu, tarehe, sado ngapi, shilingi ngapi, na aijaze kwa biashara yake ya jana. Akiona deni la mteja limekaa kwenye mstari na halibishiwi, umempata.

Halafu macho. Mtu wa miaka arobaini na kitu anayekunja uso, anayesogeza daftari mbali, anayelalamika kichwa, mara nyingi hana shida ya kujifunza. Haoni karibu. Mpeleke kliniki ya macho apimwe, apate miwani ya kusomea. Ningeshauri kila darasa lifanye hivi ndani ya mwezi wa kwanza, kabla ya kuhukumu nani ni mwepesi na nani ni mzito.

Hatua ya 6: daftari, muhtasari, barua

Kila kipindi kiwe na mahudhurio: tarehe, majina, saini. Mwanzoni watasaini kwa msalaba au dole gumba. Acha hivyo hivyo kwenye karatasi, usiwajazie. Miezi mitatu baadaye, ukurasa ambao dole gumba la mtu limegeuka kuwa jina lake ni ushahidi ambao hakuna afisa atakayeuhoji.

Kisha peleka jambo kwenye mkutano wa hadhara. Kijijini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Mjini ni mkutano wa mtaa. Omba mtendaji aliweke darasa kwenye ajenda, lipokewe, na muhtasari uandikwe na kugongwa muhuri. Bila muhtasari huo wewe ni mtu binafsi mwenye nia njema. Ukiwa nao, darasa ni la mtaa.

Sasa ndiyo barua, baada ya darasa kukaa miezi miwili hivi. Iwe ukurasa mmoja, kama hivi:

> Mkurugenzi, Halmashauri ya (jina)
> Kwa: Afisa Elimu ya Watu Wazima
> Kupitia: Afisa Elimu Kata, Kata ya (jina)
>
> YAH: TAARIFA YA DARASA LA KISOMO NA MAOMBI YA VIFAA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Darasa la kisomo la Mtaa wa (jina) lilianza tarehe (…) katika Shule ya Msingi (jina). Wanakisomo walioandikishwa ni (…), wanawake (…) na wanaume (…). Wastani wa mahudhurio kwa miezi miwili ni (…). Mwezeshaji ni (jina), mwenye elimu ya (…). Ratiba imeambatishwa.
>
> Tunaomba mambo matatu: vitabu vya kisomo nakala (…), chaki boksi (…) na daftari (…), na kutembelewa na ofisi yako kabla ya tarehe (…) ili darasa likaguliwe na kuingizwa kwenye takwimu za halmashauri.
>
> Tumeambatisha orodha ya wanakisomo, nakala ya mahudhurio na muhtasari wa mkutano wa mtaa.
>
> Nakala: Mheshimiwa Diwani, Afisa Mtendaji wa Kata, Mwalimu Mkuu.

Angalia inachoomba. Hakuna pesa taslimu. Vitabu na chaki afisa anaweza kuvitoa kwa uamuzi mdogo, na kukutembelea hakuhitaji kikao cha mtu yeyote. Barua inayoomba "uwezeshaji wa shilingi milioni tano" itapanda ngazi hadi ipotee. Hilo ombi la tatu, la kuingizwa kwenye takwimu, ndilo zito kuliko yote ingawa linaonekana dogo: halmashauri hupanga kwa idadi ilizo nazo, na darasa lisilokuwa kwenye takwimu halipo.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Ukifuatilia baada ya majuma matatu, usiulize "ile barua yetu vipi?" Toa nakala yenye muhuri, weka mezani, kisha salimia.

Hatua ya 7: kalenda ya bajeti na ile ya Septemba

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mipango ya mwaka huo haianzi kuandikwa Juni. Vijiji, mitaa na kata hukusanya vipaumbele vyao miezi ya mwisho wa mwaka unaotangulia, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, vinafika baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka, na Aprili Bunge linaanza kikao cha bajeti. Kwa hiyo ukitaka kifungu cha kisomo kwa mwaka ujao, jambo liwe limesemwa kwenye mkutano wa mtaa Oktoba au Novemba. Kuomba Aprili ni kumwomba mpishi aongeze mchele wakati anapakua.

Diwani ndiye mtu wa kumkamata kipindi hicho. Mwalike darasani mara moja, siku za mbalamwezi watu wakiwa wengi, na wanakisomo wawili wamsomee majina yao ubaoni. Usimpe hotuba.

Tarehe nyingine ya kuitumia ni 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, ambayo huku kwetu huambatana na juma la elimu ya watu wazima. Maafisa wanatafuta pa kwenda na kitu cha kuonyesha. Peleka mwaliko Julai.

Hatua ya 8: pima

Nchi ilipofanya mtihani wa kitaifa wa kisomo mwaka 1975 iligawa watu katika hatua nne, na kipimo hicho bado kinafaa kwa darasa la mwaloni. Hatua ya I ni aliyejiandikisha na kuhudhuria theluthi mbili ya vipindi. Hatua ya II anatambua maneno na alama. Hatua ya III anasoma na kuandika sentensi fupi. Hatua ya IV anatumia kisomo maishani: anasoma gazeti, anaandika barua, anatunza hesabu zake.

Pima kila baada ya miezi mitatu, andika namba za mtu kwenye safu pembeni ya jina lake, na taarifa ya nusu ukurasa imfikie Afisa Elimu Kata. Darasa lenye namba za II na III zinazopanda linajitetea lenyewe. Usimfukuze aliyebaki hatua ya I. Mhudhuriaji wa kudumu ambaye herufi hazimkai anastahili heshima, na huenda ni yule asiyeona karibu.

Kuhusu ile mikopo ya asilimia 10

Utaulizwa, kwa hiyo jiandae. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo si fedha ya darasa na haiwezi kununua chaki. Mkiwaambia watu kwamba anayejiandikisha kisomo anapata mkopo, siku ya kwanza watajaa mpaka dirishani na wiki ya tatu mtabaki wawili.

Lakini uhusiano upo. Mkopo huo unakwenda kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, mihtasari, akaunti na andiko la mradi, na vikundi vingi vya wanawake wa mwaloni humtegemea mtu mmoja anayejua kuandika, mara nyingi mtoto wa mwenyekiti. Karatasi zikikaa kwa mtu mmoja, ndiye mwenye kikundi. Mpango wa serikali uitwao MUKEJA, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, umejengwa juu ya wazo hilo hilo: watu wasome wakiwa kikundi chenye kazi yake. Darasa likifika hatua ya III, chukueni katiba ya kikundi chenu wenyewe iwe kitabu cha kusomea, kifungu kimoja kila kipindi. Mtashangaa yaliyomo humo. Nimeona darasa likitumia jioni nzima kwenye kifungu kimoja cha faini, watu wakisoma silabi kwa silabi, mpaka walipogundua kwamba faini waliyokuwa wakitozwa haikuandikwa popote.

Wakishajua kusoma

Asiyesoma tena baada ya darasa atasahau, na ndivyo ilivyowatokea wengi wa miaka ya sabini vitabu vilipoisha. Weka gazeti la ukutani kwenye banda la BMU: karatasi kubwa moja, iandikwe na wanakisomo kwa zamu, bei ya dagaa ya soko la Kirumba, tahadhari ya upepo, nani amepoteza nyavu, nani amejifungua. Anayetaka kwenda mbele, hadi elimu ya sekondari kwa njia mbadala, aulize TEWW. Maktaba ya Mkoa iko mjini Mwanza na inaingia mtu yeyote.

Ukatibu wa kikundi nao uzunguke. Kila kikao muhtasari uandikwe na mtu mwingine, hata kama utachukua saa nzima na l zimejaa mahali pa r, na usainiwe na wote kwa majina.